YAH: Kaburi la Mama

Kambini, Uluguru

Dada Mwanahawa,

Shikamoo. Mvua ikikunyeshea huko Ifakara, ujue imeniomba ruhusa mimi kwanza, maana wingu halivuki milima hii bila kunipitia. Miguu yako inasemaje? Na mpunga, ndege wamewabakizia? Mimi mzima, ila huu ukungu umenikalia kifuani.

Hifadhi yote hii iko mikononi mwangu. Mkuu wa kambi hatoki asubuhi bila kuniuliza, "Mzee Shomari, leo tunakula nini?" Juzi chui alinikuta mtoni nachota maji. Tukatazamana, akaona haya, akageuka. Mwajuma, unayemsomea mama yako, usicheke, soma.

Sasa lile uliloniagiza. Nilishuka bondeni kwetu. Dada, hakuna kwetu. Pale tulipokuwa tukianika maharage pameota mti, mikono yangu haifiki kuuzunguka. Kaburi la mama nimelitambua kwa yale mafiga yake uliyoyapanga wewe. Mawili yamezama, la tatu limefunikwa na kuvu. Nilitaka kufyeka, nikakumbuka kufyeka humu hifadhini ni kosa, na mimi ndiye ninayewafokea watu. Basi nikang'oa majani kwa mkono, kidogo kidogo, kama mwizi. Nikamwambia, "Mama, binti yako anataka kuja kabla miguu haijamkatalia." Nikanawa mikono mtoni.

Unasema mwezi ujao unakuja na kaniki na unga wa mtama, tutambike, eti mimi nipo, nitafungua lango. Usipande basi kwanza, dada yangu. Mkuu hakukataa, ila anataka ombi la maandishi. Nalishughulikia.

Nisalimie shemeji, mwambie kikohozi chake atumie tangawizi. Na mama mdogo muuza vitumbua, mwambie huku hakuna anayejua kuvipika, hata mimi.

Mwajuma mpwa wangu, hapa nyamaza. Haya ni yako peke yako.

Ombi niliandika. Barua zote za ofisini nilikuwa naziona zina "Yah" pale juu, nikajua ndilo jina la bwana mkubwa wa mjini. Nikaandika: "Kwa Ndugu Yah, habari za siku nyingi, watoto hawajambo?" Mkuu akaisoma mbele ya askari wote.

"Mzee Shomari, huyu Yah ni nani?"

Nikamjibu, "Si yule wa Morogoro mjini? Tumesoma naye."

Walicheka mpaka ugali ukaungua. Ombi likarudishwa.

Wewe umefika kidato cha nne. Niandikie jingine, hiyo Yah uiweke inapokaa, ulitume haraka wakati mama yako bado anaweza kupanda mlima. Na jina langu liandike lote, Shomari, kwa herufi kubwa. Hapa kambini halitumiki tena. Wananiita Ndugu Yah, nami naitika.

Mjomba wako,
SHOMARI