Mposaji Jina Lake Korea

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Leo binti yangu kaposwa. Na nchi nzima.

Talal kaja baada ya Alasiri na kompyuta yake, kaichomeka kwenye televisheni yangu bila kuniomba ruhusa, yakatoka majengo marefu, bahari, na uwanja wa ndege unaong'aa. Incheon, Korea Kusini. Huyu Talal ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Kampuni ya ubani tuliyoachiwa na baba — sabuni, mafuta ya uso, ubani wa kuchoma — nusu yake, nusu yangu, na hakifanyiki kitu bila saini zetu mbili. Sasa kuna kampuni ya huko Incheon inataka tufungue nao kiwanda kidogo cha mafuta ya uso. Ubani wetu, mashine zao. Nikasema, mbona zuri hilo. Na nani atakwenda kusimamia?

Talal kamtazama Noof. Noof kaangalia kucha zake.

Noof wangu! Mwanangu mmoja tu niliyejaaliwa. Mkemia, miaka thelathini, na Kikorea kajifunza mwenyewe kwenye simu, mie nikidhani ni mchezo. Miaka mitatu, wanasema, kwa kuanzia. Mie nimesomesha watoto miaka mingi, najua "kwa kuanzia" maana yake nini.

Nimewaambia sitii saini wala sikatai. Akija mtu kuposa, kwetu huulizwa kwanza habari zake. Ana tabia gani, majirani zake nani, anafanya kazi au anakula cha baba yake. Basi na huyu Korea nitamuulizia hivyo hivyo. Talal kacheka. Mie sicheki.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeanza na mali zake. Nimempigia Talal: ana mafuta? Hana. Gesi? Hana, ananunua, na nyengine ananunua kwetu hapa Oman. Ardhi basi? Milima mitupu. Nikafurahi peke yangu na simu mkononi. Nikasema nimempata, maskini wa Mungu, hana kitu.

Kumbe hapo ndipo anapoanza kusifiwa. Baada ya vita vyao walibaki na vifusi na njaa. Leo wanaunda meli, magari, simu, na vile vidude vya ndani ya simu vinavyogombaniwa na dunia nzima. Kasema Talal: Shangazi, huyu hakurithi chochote, kasoma tu na kufanya kazi. Na wenye fedha wa nje wanamfuata kwa sababu hiyo, watu wake wanajua kazi.

Mama yangu, Allah amrehemu, angempenda mposaji wa namna hii. Alikuwa hawataki kabisa watoto wa matajiri. Na alikuwa na mtindo wake, hakuwahi kutamka kwa kinywa chake "tumekubali." Akisharidhika humgeukia mshenga na kumuuliza, "Watu wenu watakuwa wangapi?" Ajue apike mchele kiasi gani. Basi, hapo mwari keshaondoka. Dada zangu wote waliondoka kwa swali hilo, na mie pia.

Noof anaipenda sana hadithi hii, kaisikia kwa bibi yake mwenyewe. Usiku tunakula kaniambia, "Mama, chunga usije ukamuuliza Talal watu wao wangapi." Tumecheka. Yeye kanizidi kucheka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekwenda Madinat Sultan Qaboos kwa wifi yangu Kawthar, mamake Talal. Huyu anaijua Korea kuliko sote, maana anaangalia tamthilia zao tangu asubuhi mpaka Ishaa, zilizotiwa Kiarabu. Nimemuuliza watu wa huko wakoje. Kasema wanakula vizuri, supu nyingi, wanawaheshimu wazee, wanainama mpaka chini. Lakini mama wakwe wabaya mno! Wanawamwagia wasichana maji ya glasi usoni.

Nikamwambia Noof haendi kuolewa. Kanijibu: sasa wewe unauliza nini?

Nikamuuliza na habari za Talal pia, maana mshenga naye huulizwa. Kasema mwanawe mtulivu, hana papara hata kidogo. Huyo huyo aliyenunua ngamia wa mbio bila kumwona. Ngamia anachechemea mpaka leo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Dukani kwetu Mutrah. Meli ya kwanza ya watalii ya msimu imeshatia nanga Bandari ya Sultan Qaboos na duka limejaa. Beryl anauza kwa mikono miwili. Beryl ni Mkenya, mwaka wa tano yuko nasi, na mumewe Philip ni fundi umeme aliyewahi kufanya kazi na kontrakta wa Kikorea. Nikaona bora niulize kwa aliyekula nao.

Beryl kampigia mumewe pale pale. Philip kasema: hao watu wakikuambia Tuesday, ni Tuesday. Si Wednesday, si inshallah. Kitu kikiharibika hawatafuti wa kulaumu kwanza, wanatengeneza, halafu ndio wanatafuta. Vifaa walikuwa wanaagiza asubuhi, jioni wameshajibiwa. Lakini — hapo nikasogea karibu na simu — bosi akiwa bado yuko ofisini, hakuna anayethubutu kwenda nyumbani. Ilikuwa inafika saa nne usiku watu wamekaa tu wanaangaliana.

Kasoro! Nimerudi nyumbani Bawshar naimba ndani ya gari. Nikamwambia Noof, wanakutesa hao, watu hawalali. Noof kaniangalia kwa huruma. Mama, kasema, mie naamka saa kumi alfajiri kwenda kuangalia kama mafuta yangu yameganda. Sasa huko nitateseka vipi?

Jumanne, 21 Oktoba

Leo nimeleta mbili kwa mpigo. Talal kaja kula mchana, nikangoja ashibe.

Ya kwanza, jirani yake wa kaskazini. Nani anampeleka mtoto karibu na jirani wa namna ile? Talal kajibu kuwa jirani huyo yupo tangu mie sijazaliwa, na bado watu wa Ulaya na Marekani na Japani wanaweka fedha zao Korea kila mwaka. Halafu kaniuliza kwa adabu kama sisi huku Ghuba tuna haki ya kumsema mtu kwa majirani. Nikala tende.

Akaendelea, maana mtoto huyu ukimfungulia mdomo hanyamazi. Sheria zao zinajulikana, mgeni anakwenda mahakamani na anasikilizwa. Faida yako unaitoa, hawakuzuilii. Incheon wametenga eneo khasa kwa kampuni za nje, ndege na bandari ziko mlangoni. Viwanda vyao vya vipodozi vinakubali hata oda ndogo ya watu kama sisi, na mafuta yakipendwa Korea yatapendwa na nchi za jirani bila kubembelezwa. Na kuna ofisi kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya wawekezaji wa kigeni tu. Nikauliza, na wanasikiliza kweli? Kasema wanasikiliza. Nna haja ya ofisi kama hiyo nyumbani kwangu.

Ya pili nilikuwa na uhakika nayo. Hawazai! Nimesoma mwenyewe, skuli zinafungwa kwa kukosa watoto, wazee wanazidi. Nchi gani hiyo? Talal kashiba, lakini kajichotea wali tena. Aliyejibu ni Noof, polepole: ni kweli, Mama, hilo ni tatizo lao kubwa. Ndiyo maana wanawataka vijana wenye ujuzi kutoka nje, na wanawawekea mazingira wabaki.

Wabaki. Nikaondoa sahani. Kila kasoro ninayoitoa inamzidishia Noof sababu ya kwenda.

Ijumaa, 24 Oktoba

Noof kaja kukaa kitandani kwangu baada ya sala. Kasema: Mama, ukikataa nitabaki, na sitakununia. Nitatafuta kazi hapa, wala hutasikia neno.

Ningependa agombe. Angegomba ningemshinda.

Naogopa. Nimeliandika. Nyumba hii ina vyumba vitano, na tangu babake afariki tunatumia viwili. Akienda Noof nitatumia kimoja. Nani nitamwambia asizime AC, nani ataniambia chumvi imezidi. Korea hana kasoro ya kumkatalia. Mwenye kasoro ni mie, sitaki kubaki peke yangu, na hiyo si sababu ya kumwambia mtu.

Jumapili, 26 Oktoba

Mchana nimepita mlango wa chumba chake, anazungumza na wale wa Incheon kwa video. Wamemrudishia sampuli ya mafuta, wanataka kujua kwa nini harufu inabadilika baada ya wiki. Wanauliza ubani umekatwa msimu gani, mti wa upande gani wa mlima, umekaa ghalani muda gani. Noof anajibu Kikorea, mikono inaruka, nywele zimemtoka mtandioni. Halafu kacheka. Sijamsikia kucheka hivyo tangu babake.

Nimesimama pale na kikapu cha nguo mpaka mkono ukaniuma.

Jumatano, 29 Oktoba

Makubwa ya leo sijui niyaanze wapi.

Nimekwenda dukani kupeleka sabuni. Beryl kaniambia, Mama Noof, nilisahau kukuambia, kuna mteja mwanamke wa Korea alikuja ile wiki ya meli. Nywele fupi, miwani ya fremu ya bluu. Alinunua sabuni tatu na maswali alikuwa nayo kama mtu wa sensa! Nikamwambia kaa chini unieleze yote.

Aliuliza sabuni ikivunjika tunaiuza au vipi. Beryl kamjibu hatuuzi, tunaoga nazo sisi. Aliuliza mshahara unatoka kwa wakati. Unatoka. Aliuliza mwenye duka ana tabia gani. Nikamkazia macho Beryl: ukasema nini? "Nilimwambia Mama ni mkali asubuhi, lakini ikifika lunch amepoa."

Nimecheka mpaka nimekaa juu ya katoni. Mie huku naulizia tabia zao kwa Kawthar na kwa Philip, kumbe wao wako dukani kwangu wanauliza zangu! Huyo ndiye mposaji. Mposaji wa kweli haji kukaa sebuleni na picha za majengo marefu, anapita kwa majirani kwanza. Heshima yao imepanda kwangu leo kuliko kwa slaidi zote za Talal.

Halafu Beryl kaongeza, huku anapanga sabuni, hata hakuniangalia. Yule mama aliuliza pia, huyu binti akija kwetu, mamake atabaki na nani?

Sikucheka tena. Nikamuuliza, ukamjibu nini?

"Nilimwambia, si sisi tuko."

Nimeingia stoo kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nimetoka baadaye, nimenawa uso. Beryl kaniambia Ijumaa Philip atakuja kunitengenezea ile taa ya barazani, na yeye ataleta chapati. Hakuna aliyemwomba.

Ijumaa, 31 Oktoba

Taa inawaka. Chapati zimekwisha. Philip anakula kwa watu watatu. Kesho wageni wa Incheon.

Jumamosi, 1 Novemba

Naandika jikoni, haraka haraka, daftari juu ya mfuko wa mchele.

Wamefika saa tano kamili. Si na dakika mbili. Wawili tu: Bi Han, mkubwa wa safari hii, na kijana mmoja wa hesabu. Nimefungua mlango — nywele fupi, miwani ya fremu ya bluu. Tumeangaliana. Yeye kajua kuwa nimejua. Kainama, nami nikainama, Talal kashangaa tunafanya nini.

Kahawa kanywa vikombe sita, maskini, hakujua kuwa ukitosheka unakitikisa kikombe. Kila akimaliza Noof anammiminia. Mwisho Noof kamwonyesha, katikisa kwa mikono miwili, sote tumecheka. Halua kaila kwa kituo, kauliza iliki ni kiasi gani. Anauliza kila kitu mwanamke huyu. Nampenda, si uongo.

Kisha Talal kaweka karatasi mezani mbele yangu na kalamu juu yake. Bi Han kasema kwa Kikorea, Noof anatafsiri, kuwa haraka hakuna. Yeye leo kaja kutuona tu. Mama akiridhika, atarudi mwisho wa mwezi na wakubwa wake, waje kukaa na sisi na kumaliza mambo kwa heshima. Na kuwa huko Noof atakaa jirani na nyumba yake yeye, mlango wa pili.

Kalamu sikuishika. Nilikuwa naangalia ile sufuria yangu kubwa kupitia mlango wa jikoni, ile ya mama, nafikiri kama itatosha. Na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Watu wenu watakuwa wangapi?"

Talal kaitazama karatasi, kisha kanitazama mie. Noof alikuwa anamimina kahawa. Kasimama vile vile, dele mkononi, kikombe mkono wa pili.

Nikasema naangalia wali, nikakimbilia huku. Wali umeiva zamani. Karatasi bado haina saini. Mie nimeuliza watu tu, ili nijue mchele.

Kutoka hapa namwona Noof. Bi Han kamsogelea, anamuuliza kitu, nadhani anauliza mama kasema nini. Kamuuliza tena. Noof anafuta macho kwa mkono wenye kikombe, kahawa inamwagika kwenye zulia langu, na bado hajamtafsiria.