Vidonge Kwenye Uchanja

Jumatatu, 5 Mei
Kabichi zimepakiwa mapema, lori limeondoka. Sikubeba hata tenga moja. Mguu wa kushoto umevimba, na mabaka ya zambarau yamepanda kutoka unyayoni hadi juu ya kifundo. Hayaumi, hayawashi. Hilo ndilo linanitisha. Zaina kasema kesho tunashuka hospitali Morogoro. Mke huyu akishaamua, mimi hufuata.

Jumanne, 20 Mei
Majibu. Virusi vya UKIMWI ninavyo. Mabaka ni saratani. Yote asubuhi moja. Zaina kapimwa, hana. Alhamdulillah. Daktari ni binti mdogo, kaniamkia shikamoo kwanza ndipo akanipasulia ukweli. Kanipa kopo la ARV. Nikauliza dawa ya saratani iko wapi.
"Tunaanza na hiyo hiyo, baba. Kinga ikirudi, mabaka ya mapema hivi mara nyingi hunywea. Yakikataa, tutaongeza dripu ya saratani."
Sikumwamini. Nilijiona nimepunjwa.

Jumapili, 25 Mei
Kopo linalia. Kila hatua ya mteremko, chaka chaka mfukoni. Mlio huo huku Mgeta kila mtu anaujua. Nimemwaga vidonge kwenye kitambaa, nikavificha kwenye uchanja juu ya meko, katikati ya mahindi ya mbegu. Pale hapaingii unyevu wala wadudu, na hakuna anayegusa mbegu ya mwenzake. Najiona mjanja.

Jumanne, 24 Juni
Kliniki. Mabaka yaleyale, na moja jipya. Naogopa kufa. Naandika hivyo hivyo, naogopa. Daktari kataka kuona vidonge vilivyobaki. Vimekuwa vya kahawia, vimepasuka. Akavinusa.
"Baba, umevikausha kama samaki?"
Nilitamani ardhi inimeze. Joto la meko limeviharibu. Kanipa vipya, kopo kalishindilia pamba lisilie. Hali isipobadilika, dripu.

Alhamisi, 31 Julai
Ukungu, baridi kali. Nimekaa kizingitini nikipaka mafuta miguu. Baka la kifundoni limepauka. Nikamwita Zaina, macho yangu nimeyashuku. Kapitisha kidole, hakuna kivimbe. Kalia bila sauti. Vidonge vya virusi, na saratani inarudi nyuma! Nimeweka kimoja kiganjani nikakitazama mpaka chai ikapoa. Kama punje ya harage tu. Mungu ana mambo, na waliokitengeneza kawapa akili.

Ijumaa, 10 Oktoba
Juzi daktari kaona mabaka yamefifia, kasema vidonge ni vya maisha, na nirudi kuangaliwa, maana saratani haiaminiki. Sawa.
Leo nimetawadha bombani msikitini pamoja na wenzangu. Tangu mabaka yaanze nilikuwa natawadha nyumbani nikiwa nimejifungia. Nikapandisha kanzu, nikaosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, taratibu, kati ya vidole vyote. Jirani aliyekuwa nyuma yangu akaniambia niharakishe, imamu keshapanda mimbari. Mguu wangu hata hakuutazama. Nikampisha bombani.