Tao Tupu Kwenye Duara

Jumatano, Machi 2008, Moroni. Mvua tangu alfajiri, umeme unakuja na kukatika, na mimi sina hamu hata ya chai.

Niandike tu. Nimekosea, na nimekosea vibaya.

Miaka mitatu sasa mimi na Zainaba tunahangaika na swali moja. Tulisoma pamoja ughaibuni. Yeye anafundisha hisabati Mutsamudu, kisiwani Nzwani, anakaa Patsy hukohuko na mama yake. Mimi nafundisha hapa Moroni, nalala kwetu Ikoni. Swali lenyewe ni hili: ukitawanya uzito juu ya duara, unapata mlolongo wa polinomia, kila moja ikisimama kwa pembe mraba na zote zilizoitangulia. Je, digrii ikipanda bila kikomo, zinaelekea wapi? Uzito ukienea vizuri duara zima, ukubwa wake hutulia kwenye namba iliyo juu ya sifuri. Uzito wetu sisi una tao moja dogo lisilo na kitu, na mimi nilidai kwamba tao hilo si neno, zitatulia tu.

Mwezi uliopita Zainaba aliniandikia kwamba sivyo. Tao likiwa tupu, hata liwe dogo vipi, ukubwa huo huporomoka mpaka sifuri. Aliambatanisha kurasa mbili za hoja.

Sikuzisoma. Wiki ile kila mtu hapa alikuwa amekasirika kwa Nzwani kujitenga na serikali ya hapa Moroni, redio asubuhi mpaka jioni, nami nikamjibu kwa mstari mmoja: "Nyinyi watu wa Nzwani, hata duara mnataka kulikata." Kisha makala tuliyokuwa tukiiandika pamoja nikaipeleka kwenye jarida kwa jina langu peke yangu.

Astaghfirullah. Mtu mzima mimi.

Leo asubuhi nilikaa nikapiga hesabu. Digrii ya kumi, ya ishirini, ya arobaini: zinashuka. Ya themanini, karibu hakuna kitu. Nikazisoma kurasa zake hatua kwa hatua, nikitafuta kasoro, na nakiri hapa kwamba nilitamani niipate. Haimo. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Makala nitaiondoa, hiyo ni barua moja tu. Lakini Zainaba? Sokoni Volo Volo wanasema majeshi ya serikali yatavuka wiki hii kwenda kuipiga Nzwani. Meli hakuna, simu za Nzwani hazishiki. Nikapiga, nikapiga, na baada ya adhuhuri ikaita.

Akapokea mwenyewe. Nami kwa pupa yangu nikaanza: ulikuwa sahihi, tao linaharibu kila kitu, nimefika mpaka digrii ya themanini. Nikamwaga yote. Hata salamu sikumpa. Sikumuuliza wameamkaje, wanakula nini, mama yake na presha ile anapata dawa wapi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema taratibu:

"Dada, umepiga kwa ajili ya hesabu, au kwa ajili yetu?"

Ningependa kuandika kwamba laini ilikatika. Haikukatika. Aliniaga kwa adabu zake zote, kisha akakata mwenyewe.

Nimepiga tena mara tisa. Inaita tu.

Majeshi yakivuka kabla hajapokea, atabaki na nini kutoka kwangu, zaidi ya tusi moja na hesabu?