Oili ya Namba Arobaini

Marigat,
11 Januari 1957

Kwa Baba,

Assalaam alaykum. Mimi huku mzima, ila ngozi imebabuka kwa jua. Naomba kujua hali yako, na kifua chako katika baridi hii ya asubuhi ya Nakuru, na hali ya Mama. Mwambie nakula vizuri.

Najua hukutarajia barua yangu. Tangu siku ile uliponipiga kofi gerejini mbele ya wateja, kwa ajili ya bolti ya kumwagia oili niliyoiharibu, ni mwaka na miezi miwili. Nimekuandikia mara tatu nikachana. Hii siichani kwa sababu nina shida ya kazi, na sina fundi mwingine wa kumwuliza.

Nimepata udereva katika zahanati ya misheni hapa Marigat. Gari ni dogo, la milango miwili, Daktari alilinunua kwa mkulima mmoja wa Njoro. Kwenye tambarare linakwenda bila matata. Tukianza kupanda kwenda Mogotio, njia ya Nakuru, wakati wa jua kali, taa nyekundu ya oili inapepesa. Nikisimama likapoa, inazimika. Oili iliyomo ni namba ishirini, na Daktari anasema kitabu cha gari kimeagiza hiyo. Ninaowapeleka Nakuru ni wagonjwa, wengine hawawezi kungoja gari lipoe. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Muhidin


Bondeni, Nakuru,
17 Januari 1957

Kwa Muhidin,

Wa alaykum salaam. Kifua changu kiko vile vile. Mama yako mzima. Alitaka nimsomee barua yako mara mbili.

Nakujibu uliloniuliza. Oili ya namba ishirini ni nyepesi. Inafaa Njoro, asubuhi umande ukiwa bado majanini, na huyo mkulima hakukosea. Huko uliko, joto la nje peke yake linailegeza kabla hujawasha injini. Ukianza kupanda kwa gia ya pili na watu wanne ndani, inakuwa kama maji, haikai tena kati ya chuma na chuma. Ndilo jambo taa inalokuambia. Tia namba arobaini. Thelathini ingetosha hapa Nakuru, huko haitoshi.

Mwaga ya zamani injini ikiwa ya moto, ili uchafu utoke nayo. Usijaze kupita alama ya juu ya fimbo ya kupimia, maana ikizidi inafanya povu, na povu halilainishi kitu. Asubuhi injini itaamka kwa uzito. Usiikanyage, iache izunguke polepole kwanza. Na usinunue oili ya kwenye chupa isiyo na lakiri. Nyingi ni oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Isugue vidoleni, uinuse. Ikiwa na harufu ya kuungua, mrudishie mwenyewe.

Taa ikiwaka ikabaki imewaka, zima injini pale pale, hata uwe umembeba nani.

Nimempa Masinde, dereva wa lori la magunia, debe la galoni moja akuletee.

Baba yako,
Ishak


Marigat,
26 Januari 1957

Kwa Baba,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inawakuta salama nyote. Mimi nashukuru. Masinde alinikabidhi debe, na Mama mwambie kashata zilifika zimevunjika lakini zimeliwa.

Debe lenyewe liko chini ya kitanda changu. Nilimwendea Daktari nikamweleza kama ulivyoandika. Si mtu mbaya, Baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kitabu, akanionyesha namba ishirini imeandikwa wazi, akasema, "Injini hii ilitengenezwa na watu wanaojua kazi yao." Akaongeza kwamba gari limenunuliwa kwa sadaka za watu, na likiharibika kwa sababu nimetia kitu kingine, nitajibu mimi.

Sasa nimtii nani? Nikitia kwa siri na gari likaharibika kwa lolote, nitafukuzwa, na nitaitwa mjeuri. Nikiacha, kila nikipanda roho iko juu. Naomba unijibu upesi, Masinde hupita hapa kila Jumatano.

Mwanao,
Muhidin


Bondeni, Nakuru,
19 Februari 1957

Kwa mwanangu Muhidin,

Wa alaykum salaam. Natumai hujambo. Hapa tuko wazima, ila Mama yako ameacha kusema nami tangu juzi, na ana haki.

Barua yako imekaa mfukoni mwa koti langu siku ishirini. Nilikasirika. Nilijiambia, kumbe kitabu cha mtu mwingine kina nguvu kuliko neno langu, basi na akiulize hicho kitabu. Masinde amepita hapa mara mbili nikamwambia sina kitu cha kupeleka.

Leo nimefanya nililopaswa kufanya siku ya kwanza. Masinde alinitajia aina ya gari lako, na pale gerejini tunacho kitabu chake. Kiingereza sikijui lakini namba nazisoma, na karani wetu Bashir amenisomea yaliyobaki. Ukurasa wa oili una jedwali. Mstari wa kwanza ni wa nchi za baridi, ishirini. Mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo, ni wa nchi za joto, arobaini. Daktari hakudanganya, ila hakufika chini. Mwombe kwa adabu asome mpaka chini.

Mpaka atakaposoma, usipande mchana. Na hilo debe litoe chini ya kitanda, ulibebe garini.

Baba yako


Marigat,
24 Februari 1957

Kwa Baba,

Assalaam alaykum. Nisamehe kwa kutouliza hali ya kila mtu. Mimi sijaumia.

Barua yako Masinde alinipa Jumatano. Gari lilikufa Jumatatu.

Asubuhi aliletwa mama mmoja, Chepkemboi, mke wa Kiptanui, mfugaji wa hapa karibu. Uchungu ulimshika tangu juzi yake na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Daktari alikuwa Kabarnet. Truphosa, muuguzi wetu, akasema hapa hataweza, apelekwe Nakuru bila kukawia. Tukamlaza kiti cha nyuma, Truphosa akajibana kando yake. Kiti cha mbele tulikikunja ili mgonjwa anyooshe miguu, nafasi ya Kiptanui haikubaki. Alisimama njiani akitutazama mpaka vumbi likamfunika.

Taa ilianza kupepesa tulipoanza kupanda. Baadaye ikawaka moja kwa moja. Sikuzima. Nilihesabu maili zilizobaki kufika Mogotio, zilikuwa nane, nikaona tutafika. Injini ikaanza kugonga, ikapiga mlio mmoja mkubwa, ikashika. Sikuweza kuizungusha hata kwa hendeli.

Tulikaa kando ya barabara muda wa saa tatu bila gari lolote kupita. Mtoto alizaliwa pale, msichana, akalia. Damu ya mama yake haikukatika. Truphosa alifanya yote anayoyajua. Lori lilipotokea, Chepkemboi alikuwa amekwisha kufariki.

Daktari amenisimamisha kazi. Polisi wameandika maelezo, wanataka kujua kwa nini niliendesha na taa imewaka. Debe lako bado liko chini ya kitanda, halijafunguliwa.

Kama huna la kuniandikia nitaelewa.

Mwanao


Bondeni, Nakuru,
14 Machi 1957

Kwa mwanangu,

Wa alaykum salaam. Mama yako anakuombea asubuhi na jioni. Nami pia, ingawa sijui kama nina uso wa kuomba.

Wiki iliyopita niliomba ruhusa kazini nikaenda Mogotio, gari lilikovutwa, nyuma ya maduka. Nilikuwa nimempelekea Daktari salamu kwa Masinde kwamba baba yake dereva anataka kulifungua mbele yake. Akaja. Nikalala chini nikafungua bolti. Oili ilitoka nyeusi na nyepesi, ikatiririka kama mafuta ya taa, na ndani yake vipande vya beringi vinameta. Niliposhusha bakuli la oili nikaona beringi mbili zimeyeyuka. Nilimtilia Daktari vipande vile kiganjani.

Kisha nikamfungulia kitabu nikaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Akausoma, akausoma tena. Akavua miwani. Akasema, "Mimi nilisoma mstari wa kwanza tu." Halafu akaketi kwenye bampa la gari akawaandikia polisi kwamba dereva aliomba kubadilisha oili, na yeye ndiye aliyekataa. Nakala ninayo.

Kutoka pale mpaka kwako ni maili thelathini na kitu. Masinde alikuwa anakuja huko na kiti cha mbele kilikuwa tupu. Badala yake nikapanda lori jingine lililokuwa linarudi Nakuru. Nilikuwa nafikiria siku zile ishirini. Ningekujibu siku ile ile, huo mstari ungekuwa mkononi mwako kabla ya Chepkemboi kuletwa. Sikuweza kuja kukaa mbele yako na hilo kichwani.

Baba yako


Marigat,
20 Machi 1957

Kwa Baba,

Assalaam alaykum. Nimefarijika kusikia Mama hajambo. Wewe hujaandika habari za kifua chako, na najua ulilala chini kwenye mchanga.

Daktari amenirudisha kazini. Aliniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na polisi wamefunga maelezo yao. Injini inafungwa upya. Sasa kila mtu hapa anasema ni oili. Kiptanui naye ameambiwa ni oili. Watu ambao hawajawahi kugusa gari wananisimamisha kunipa pole kwa ajili ya oili.

Kuna jambo sijamwandikia mtu. Chepkemboi aliniambia nisimame. Yeye ndiye aliyenusa kwanza, mimi nikiwa sijasikia hata harufu. Akasema, "Dereva, gari linaungua. Simama." Akasema mara mbili, kwa Kiswahili, ili nielewe. Nikamjibu, "Vumilia mama, tumefika." Hatukuwa tumefika.

Ningezima, ningelipoza nusu saa, tungetambaa hivyo hivyo mpaka Mogotio, na pale kuna simu na kuna magari. Barua yako ya kwanza niliikumbuka nikiwa nimeshika usukani. Uliandika nizime hata niwe nimembeba nani. Nikajiambia Baba hakujua atakuwa nani.

Truphosa alisikia yote. Hasemi kitu, ila hanitazami tena usoni.

Siku zile ishirini usijibebeshe peke yako. Niambie tu, nimwambie Kiptanui au ninyamaze?

Mwanao


Bondeni, Nakuru,
28 Machi 1957

Kwa mwanangu Muhidin,

Wa alaykum salaam. Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe. Kifua kinakohoa usiku tu.

Mwambie. Nenda kwa miguu, usimpeleke mtu wa kukusemea. Anachoweza kukufanya sikijui, na nitaogopa mpaka nipate barua yako. Lakini mkewe alisema neno la mwisho la maana, na mumewe hajalipata. Wewe ndiye umelishika.

Nimechelewa kukwambia hivi kwa sababu nilitafuta kwanza kama nina haki ya kumfundisha mtu kukiri kosa. Sina, mpaka niseme langu. Bolti ile ilikuwa ya senti chache. Nilikupiga mbele ya watu, na wewe mtu mzima, kwa sababu mteja alikuwa amenitukana asubuhi ile na sikuthubutu kumjibu. Mwaka mzima nimekaa nikingoja wewe uniombe radhi. Mimi ndiye nakuomba.

Baba yako,
Ishak


Marigat,
26 Mei 1957

Kwa Baba yangu,

Assalaam alaykum, na Idd iliyopita iwe ya heri kwenu. Natumai kifua kimepata nafuu sasa mvua zimepoza vumbi. Mimi sijambo. Radhi uliyoniomba nilikupa pale pale nilipoisoma. Nilitaka kukujibu mapema, lakini nilingoja niwe na la kukueleza.

Nilikwenda kwa Kiptanui siku ya tatu baada ya Idd. Nilimkuta anaziba boma la mbuzi kwa miiba. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu tulipoondoka mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja tu, alisema mara ngapi. Nikamwambia mara mbili. Akaendelea kufunga miiba mpaka pengo lote likajaa. Kisha akasema, "Daktari alikuja na blanketi akaniambia ni gari. Wewe umekuja mikono mitupu ukaniambia ni wewe. Sasa nenda. Tukikutana njiani usinisalimie, mpaka nikusalimie mimi."

Baba, huku watu husalimiana hata na mgeni, na salamu zao ni ndefu. Tumekutana sokoni, tumekutana kisimani, tumekutana kwenye kinjia kile ambacho mmoja lazima ampishe mwenzake. Ninampisha. Mpaka leo ninapoandika hajanisalimia. Truphosa ndiye aliyeanza kuzungumza nami tena, siku alipojua nilikokwenda.

Gari limerudi. Lina oili ya arobaini, na Daktari amebandika karatasi ukutani inayosema hivyo kwa lugha tatu.

Alhamisi Kiptanui alikuja zahanati na mtoto. Wamemwita Chepchirchir, jina la mtoto aliyezaliwa ghafla. Alikuwa na homa siku mbili na amekataa maziwa. Daktari akampima, akasema apelekwe Nakuru. Nikaleta gari mbele ya mlango. Kiptanui alilitazama kwa muda. Nikafikiri atasema heri aende kwa miguu. Unalijua lilivyo, kufika kiti cha nyuma lazima ukunje kile cha mbele, uiname, ushike pande zote mbili, na yeye mikono yake ilikuwa na mtoto. Akageuka kumtafuta Truphosa. Truphosa alikuwa ndani anafunga dawa.

Akasimama hapo. Halafu akanipa mtoto nimshike.

Alikuwa wa moto sana, Baba, na mwepesi kuliko nilivyodhani. Kiptanui akaingia, akakaa, akajiweka sawa, akanyoosha mikono, nikampa. Tukaondoka.

Hospitalini walisema ni malaria na atapona. Tumerudi jana, amenyonya chupa njia nzima.

Mwanao,
Muhidin