Mke Wangu Amemfichulia Mpwa Wangu Mazoezi Yangu ya Siri

Mpendwa Bi Verdell,

Nisaidie mawazo kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana Jumamosi ya wiki ijayo ni tamasha la kando ya tuta la mto na mimi tangu Jumatano iliyopita sili vizuri, sizungumzi na mke wangu ila kwa mambo ya chumvi na funguo za gari, na kila mtu anayenisalimu hapa mjini namtazama mara mbili nikijiuliza naye anajua au hajui.

Mimi ni mpuliza harmonika, kinanda cha mdomo. Nina miaka sitini na miwili, nafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba, na kwa miaka thelathini na moja nimepiga katika bendi ya Haywood, na hapa Delta, bonde letu la pamba kando ya mto, ukitaja jina langu watu watakwambia jambo moja kabla ya mengine yote, kwamba mimi sifanyi mazoezi. Nashuka garini, natoa harmonika mfukoni, napanda jukwaani, basi. Haywood mwenyewe hunitambulisha hivyo kwenye kipaza sauti, "Huyu bwana hajawahi kufanya mazoezi hata siku moja," na watu wanapiga makofi hata sijapuliza.

Sasa Bi Verdell nakwambia wewe kwa kuwa hunioni usoni. Nafanya mazoezi kila siku. Saa nzima kila asubuhi kabla ya kazi, na siku ya kupiga naongeza nusu saa ya kupasha midomo na pumzi, nasukutua kinywa kwa maji ya uvuguvugu, sili kitu cha sukari wala sinywi soda kwa sababu utamu unagandisha vilimi vya chuma vya ndani, na harmonika naiweka kwapani mpaka ipate joto la mwili, kwa kuwa ikiwa baridi inashika unyevu na sauti inakwama. Yote hayo nayafanyia kwenye kibanda cha kufulia nyuma ya nyumba nikiwa nimewasha mashine ya kufulia ili mlio wake ufunike wa kwangu, na mara nyingi ndani ya mashine hamna hata soksi. Jirani zetu wanamsifu mke wangu Ozella kanisani kwamba ni mtu wa usafi sana.

Nina mpwa, Lavelle, mtoto wa pekee wa dada yangu Novella. Ana miaka thelathini na mitatu, anafanya kazi kwenye mabwawa ya kambare. Miaka tisa iliyopita alikuja barazani kwangu na harmonika mpya akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mjomba, wewe kwa wiki unafanya mazoezi mara ngapi? Na kabla ya kupanda jukwaani unajiandaaje?"

Nikamjibu, "Mazoezi ni ya watu wa piano. Harmonika ukiilazimisha inakukataa. Wewe iweke mfukoni. Ikikuita, pokea."

Aliamini. Miaka tisa amekaa na hayo maneno, anapanda jukwaani amepoa kama jiwe, ametoka kunywa soda ya machungwa, anapuliza na inatoka sauti ya bawaba ya mlango, na watu wanacheka, na mwaka juzi kwenye chakula cha mchana cha kanisa Haywood alimwambia mbele ya watu wote, "Kaa chini, mwanangu, tuletee mkate wa mahindi," naye akakaa, na mama yake alikuwa meza ya pili. Mimi nilipanda baada yake nikashangiliwa.

Novella alifariki Januari.

Mwezi wa tano nikaanza kuona mambo. Tulikuwa kwenye mnada wa kanisa, mtu akampa Lavelle soda, akaikataa, akaomba maji ya moto kidogo. Nikamkazia macho. Kisha nikamwona ameiweka harmonika kwapani, Bi Verdell, ndani ya shati, vilevile kama mimi. Akapanda. Akavuta tundu la tatu, akaikunja sauti ikashuka vituo vitatu, kila kituo safi, hakuna aliyecheka. Nikajua kuna mtu anamfundisha, na mtu huyo anajua siri zangu.

Nikamshuku Haywood. Nikamshuku mpiga ngoma. Nikamshuku hata mchungaji, kwa kuwa dirisha la ofisi yake linatazama ua wetu. Miezi minne nimekuwa mtu wa kuhesabu nani amesimama na nani. Nikamuuliza Lavelle mwenyewe, "Nani anakufundisha?"

Akanitazama bila haraka. "Hakuna, Mjomba. Ikiniita, napokea."

Maneno yangu mwenyewe, na uso wake hauna kitu.

Jumatano iliyopita mkanda wa mashine ulikatika kiwandani tukarudishwa nyumbani saa nne asubuhi. Gari la Lavelle lilikuwa limeegeshwa mtaa wa nyuma, si mbele ya nyumba yetu. Nikazunguka uani. Nikasikia mashine ya kufulia inanguruma, na ndani ya mngurumo huo nikasikia zoezi langu la kwanza, lile la kuvuta pumzi moja mpaka kumi na mbili. Nikafungua mlango. Mke wangu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, saa ya jikoni mkononi, anahesabu, na Lavelle amesimama mbele yake anapuliza, na mke wangu anamwambia, "Mabega yametulia? Pumzi itoke tumboni. Tena, taratibu."

Ozella hajui kupiga hata wimbo mmoja.

Nikauliza, "Mnafanya nini humu?"

Akajibu bila kunyanyuka, "Tunafua."

Lavelle akachukua kofia yake, akasema, "Asante, Shangazi," akanipita. Hakunisalimu.

Nikamwambia mke wangu amenisaliti. Akasema, "Nimekusikiliza kupitia huu ukuta miaka thelathini na moja. Najua unaanza na nini, unamaliza na nini, na siku gani umedanganya ukaruka zoezi la ulimi. Ulifikiri sioni mashine inazunguka tupu?"

Nikamuuliza kwa nini ampe Lavelle. Akasema, "Wiki moja kabla hajafa, dada yako aliniuliza kwa nini mwanawe hawezi. Alisema labda ni yeye hakumpa kitu fulani alipokuwa mdogo. Nikamshika mkono, nikanyamaza, kwa ajili yako. Amekwenda akiamini mtoto wake hana kipaji, na mimi nilikuwa najua ukweli."

Nikatoka.

Sasa shida yangu ni hii. Haywood anasema tamasha lina nafasi ya harmonika mmoja tu, na kwamba atatusikiliza wote wawili Ijumaa mchana, siku moja kabla, ndipo aamue. Lavelle akipata nafasi hiyo akifungua mdomo, mimi nimekwisha, nitakuwa kichekesho kuanzia hapa mpaka Memphis. Nimefikiria kumwambia Haywood kwamba Lavelle siku hizi anakunywa. Si kweli, lakini Haywood alifiwa na kaka yake kwa pombe na hatataka kuuliza mara mbili. Pia nashindwa kuelewa, mke mwaminifu anawezaje kukaa ndani ya kibanda na mwanamume mwingine, hata kama ni mpwa, akimfundisha kupumua, miezi saba kwa maneno yake mwenyewe, na kuegesha gari mtaa wa nyuma? Je, nimsamehe? Na huyu kijana nimzuieje? Na je, ni dhambi mtu kuficha mazoezi yake, wakati kila mpuliza harmonika niliyewahi kumjua alisema hafanyi?

Niliyesalitiwa Nyumbani Kwake

*

Bwana Uliyesalitiwa,

Majina nimeyabadilisha, usianze kuwashuku na watu wa gazeti.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Nimewapigia simu wapuliza harmonika watatu ninaowafahamu, nikawauliza wanafanya mazoezi mara ngapi. Wote watatu walisema hawafanyi. Kisha nikaomba kuzungumza na wake zao. Wa kwanza alicheka mpaka akaiweka simu chini. Wa pili alisema kila siku, dakika arobaini, bafuni. Wa tatu alisema ni kila siku na ndani ya gari anapompeleka dukani. Basi jibu ni hilo, kila siku, na robo saa ya kujipasha kabla ya jukwaa, na hakuna aibu yoyote ndani yake. Mpishi anaosha mikono kabla ya kupika na hajifichi kwenye stoo.

Kujificha si kosa lako kubwa. Nakuelewa kiasi fulani. Ulikuwa kijana, mtu mmoja akasema huyu amezaliwa nayo, ukaipenda ile sauti, na baadaye ukashindwa kushuka kutoka pale ulipopandishwa. Hilo linawapata wengi. Lakini kijana alipokuja barazani kwako miaka tisa iliyopita hakuwa mshangiliaji. Alikuwa mpwa wako, alikuuliza njia, nawe ukamwelekeza shimoni, halafu kila mwaka ukasimama pembeni ukimtazama anatumbukia, na zamu yako ilipofika ukapokea makofi. Umeandika mwenyewe, "Novella alifariki Januari," ukaiacha sentensi hiyo peke yake na kukimbilia soda. Nimeirudia mara kadhaa. Nadhani ndiyo inayokunyima chakula, si Ozella.

Kuhusu Ozella, ondoa uchafu huo kichwani leo. Ameketi juu ya ndoo miezi saba kurekebisha ulichoharibu wewe, bila kukuaibisha mbele ya mtu hata mmoja. Gari liliegeshwa mtaa wa nyuma kulinda jina lako. Angetaka kukusaliti angesimama kanisani Jumapili moja tu na kusema mashine yake haina nguo. Unauliza kama umsamehe. Kwa lipi? Wewe ndiye wa kuomba, na uombe vizuri, umekaa chini, hujashika funguo za gari.

Na ile habari ya pombe. Bwana, ulinitia baridi hapo. Umechagua uongo unaoingia kwenye kidonda cha rafiki yako ili asiuchunguze. Mtu anayeweza kupanga hivyo anashangaa vipi kwamba anamshuku kila anayemsalimu? Unawashuku kwa sababu unajua wewe mwenyewe unaweza nini. Ukimwambia Haywood neno hilo, usiniandikie tena.

Fanya hivi. Kabla ya Ijumaa nenda kwa Lavelle, kwake, uegeshe gari mbele ya nyumba. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ulimdanganya na kwamba ulijua unamdanganya. Usiseme ulikuwa utani. Usimtaje mama yake mpaka amtaje yeye. Kisha Ijumaa kaa kwenye ngazi za ukumbi mbele ya Haywood na bendi nzima, ujipashe nusu saa yako yote wakisikia. Halafu pigeni wote wawili, na masikio ya Haywood yaamue. Ukishindwa, kaa mstari wa mbele.

Bi Verdell

*

Kwa kuwa tamasha lilikuwa kabla ya gazeti hili kutoka, majibu hayo nilimpelekea kwanza kwa posta. Juzi ameniandikia barua ya pili, nami naichapa kama ilivyo.

Bi Verdell, nilikwenda. Nilimwambia akiwa anasafisha nyavu, hakuacha kusafisha. Nilipomaliza akasema, "Hilo nalijua tangu Februari, Mjomba. Nilikuwa nangoja nione utalisema lini." Kisha akauliza, "Mama alijua?" Nikasema hapana. Akaenda mpaka ukingo wa bwawa akasimama kule muda mrefu, mimi nikabaki na zile nyavu, nikazimalizia.

Ijumaa nilijipasha kwenye ngazi. Haywood alitoka nje, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Kumbe," akarudi ndani. Hajaongeza neno mpaka leo, wala kwenye kipaza sauti hanitambulishi tena kama zamani. Nafasi alimpa Lavelle. Nilikaa mstari wa mbele na Ozella, na Lavelle aliposhuka mama mmoja alimuuliza nani amemfundisha. Akasema, "Shangazi yangu." Akanitazama. "Na huyu, mwishoni."

Nimemwambia aje tufanye mazoezi pamoja kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kibandani, mashine imezimwa. Aliniuliza, "Kuna kingine umenificha?" Nikasema hakuna, na ni kweli hakuna. Anakuja. Lakini anafika mapema, nimemwona kupitia dirisha la jikoni, anakaa ndani ya gari lake barabarani, kioo kimeshushwa, anasikiliza kwanza kama nimeanza bila yeye.