Maji ya Dumu la Mjomba

Buguruni, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeitikia, hata kama umeitikia kwa kukunja uso. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mama Rehema akuletee ilifika, au aliimalizia njiani kwenye magoti yake mwenyewe? Mimi mzima, nadunda tu. Joto limeshaanza kutuchemsha huku, na chumba changu hakina hata feni. Ndiyo ufundi wenyewe huo, kutwa unawapoza wenzio halafu unarudi kulala umelowa jasho.

Ijumaa uliponipigia nilijibu "ndiyo Mama, ndiyo Mama" kwa sababu nilijua simu umeiweka sauti ya juu, na shangazi namsikia anakohoa pembeni. Uliniambia mjomba Bakari hatawapokea washenga wa Zuhura mpaka nije nyumbani, niketi mbele ya wazee, niseme kwa mdomo wangu kwamba nilimsingizia. Halafu ukalia. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, hilo halina mjadala. Asipopokea yeye, posa imelala, na dada yangu amelala nayo. Sasa soma mwenyewe haya, usimpe mtu akusomee. Usiku wote ule uliokwenda kisomo cha watu wazima, baba akikucheka, haukuwa bure.

Nianze na watu wa mjini, maana bila ujinga wao mjomba asingekuwa na kazi. Kariakoo hapa mtu ana kibanda cha vitenge upana wa kanga moja, lakini chumbani kwake lazima kiyoyozi kininginie ukutani. Akishakitundika anafunga madirisha, anasahau. Mwaka unapita, wa pili unapita, vumbi la mtaa mzima linaingia mle. Joto likipiga wanakumbuka wote siku moja, wanapiga simu utadhani nyumba inaungua: "Fundi, AC inapuliza moto!" Unafungua unakuta chujio limeota manyoya, ukungu mweusi umetanda, mende wamejenga mtaa. Na chini yake mtu analala na mtoto mchanga, amejifunika blanketi zito. Blanketi, Mama, Dar es Salaam, Desemba! Akianza kukohoa anasema karogwa.

Haya, na mafundi nao. Watu wa hapa wameibiwa na mafundi mpaka wamekuwa wajanja. Siku hizi mwenye nyumba hakuamini mpaka umwonyeshe maji. Ukiosha kiyoyozi sawasawa, unakifunga nailoni kwa chini, unapiga maji na sabuni kwa pampu, uchafu unateremka mpaka kwenye ndoo. Unamwita, anachungulia ndoo, anashika kifua: "Yarabi, ndiyo tulikuwa tunavuta haya?" Hapo ameridhika. Kazi hiyo inakula saa moja na nusu kwa chumba kimoja, na mkono unakufa ganzi.

Mjomba wako, samahani, ndugu yako, hataki mkono wake ufe ganzi. Ana dumu. Dumu la lita kumi la mafuta ya kula, limejaa maji meusi, tunatembea nalo kwenye mfuko wa vifaa. Tukifika anawatoa wenye nyumba chumbani, eti gesi ina sumu. Anafunga mlango. Anapangusa uso wa kiyoyozi kwa kitambaa, anapuliza marashi ndani, anamimina maji ya dumu kwenye ndoo, halafu anajinyoosha kwenye kitanda cha watu na viatu vyake, anatazama video za mieleka kwenye simu. Baada ya nusu saa ananiambia nigongegonge bomba kidogo wasikie kazi. Kisha anafungua mlango akiwa amejimwagia maji usoni, anahema, anaita: "Mama, njoo uone ulichokuwa unavuta." Mzee mzima wa miaka hamsini na ndevu zake! Jioni pale kijiweni kwetu Gerezani anawaringia wenzake kwamba yeye anamaliza nyumba sita kwa siku na wao tatu. Tena wanamwita Injinia. Anaitika!

Na mimi je? Mimi ndiye niliyekuwa nalijaza dumu. Nasema hivyo usije ukadhani najisafisha. Likipungua, ananiambia nioshe nyumba moja kweli kweli, nikinge maji yake. Niliosha, nikakinga, nikabeba begani miezi mitano. Nilijiona mchafu kuliko hayo maji, lakini nilinyamaza, maana ni mjomba, na mjomba ndiye aliyenileta mjini.

Jumanne ya wiki iliyopita tukaitwa kwa Bibi Sharifa. Huyu ni bibi wa hapo hapo Gerezani, mwenyeji hasa, kwao palikuwa na nyumba ya udongo kabla matajiri hawajajenga ghorofa juu ya kiwanja chao wakampa chumba na sebule ya juu kabisa. Ana pumu. Alituambia mlangoni, kwa sauti ya kukatika, kwamba tangu joto lianze anawasha kiyoyozi na kifua kinambana, na kukizima hawezi, chumba ni tanuri. "Nioshieni vizuri, wanangu. Nikikosa pumzi usiku niko peke yangu." Mjomba akamwitikia, "Bibi, umefika kwa wenyewe." Akamfungia nje ya chumba chake, akamimina dumu, akapanda kitandani kwa mgonjwa na viatu vyake.

Za mwizi arobaini. Dumu lile nilikuwa nimelijaza Ilala, kwa mama mmoja anayefuga paka watano. Bibi Sharifa alipoitwa hakushika kifua kama wengine. Alivaa miwani, akainama, akachovya kidole kwenye ndoo.

"Fundi, hizi nywele za nini?"

"Vumbi hilo, Bibi."

"Vumbi la rangi ya machungwa?"

"Aa, paka hao, Bibi. Wanaingiaga kwenye mashine ya nje."

"Ghorofa ya tatu? Wanapanda na nini, na lifti imekufa tangu mwaka juzi?" Akajipangusa kidole kwenye kanga. "Mimi paka akipita tu karibu nakosa pumzi. Jengo hili hatufugi, wananijua."

Mjomba akaanza kucheka kile kicheko chake cha kununua muda. Yule bibi hakumtazama tena, akanigeukia mimi.

"Wewe kijana, unaitwa nani?"

"Issa."

"Issa, mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi."

"Basi niambie kama unavyomwambia yeye."

Mama, ningefanyaje? Mjomba ananikodolea macho, bibi anahema, ndoo iko katikati yetu. Nikasema, "Maji haya tumekuja nayo. Kiyoyozi chako hakijaoshwa. Dumu nimelijaza mimi." Ndiyo hivyo tu nilivyosema. Sikuongeza neno, sikumtukana mtu.

Usidhani nilishukuriwa. Bibi Sharifa alitufukuza wote wawili kwa ufagio, mimi nikiwa wa kwanza. Kwenye ngazi mjomba akanishika ukosi. "Umenivua nguo mbele ya mwanamke! Nimekutoa kijijini hujui hata swichi!" Nikamwambia swichi kweli sikuijua, lakini kudanganya wagonjwa nimefundishwa huku. Akanipiga kofi. Nilipokea, maana ni mkubwa. Akabeba dumu lake, akaondoka nalo. Hata siku ile, Mama, hakulimwaga!

Kesho yake asubuhi nilirudi peke yangu na pampu ya kuazima. Bibi alinifungulia, akaweka kigoda katikati ya chumba, akaketi mdomo ameufunika kwa kanga, akanitazama tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho. Na hapa ndipo nilipomdharau ndugu yako moja kwa moja. Nilipopiga maji, yalishuka meusi kama masizi ya sufuria, mazito, yenye ukungu wa kuvutika kama mlenda. Ndoo moja ikajaa, nikaweka ya pili. Yaani uchafu wa kweli ulikuwemo mle, mwingi kuliko wa dumu! Mjomba hakuhitaji uongo hata kidogo. Alihitaji kunyanyua mikono tu, na hiyo ndiyo iliyomshinda. Bibi alichungulia ndoo zote mbili, akasema, "Kumbe." Hakunisifu. Aliniambia nikitoka nirudishie mlango.

Hayo ndiyo masingizio ninayoambiwa nikaombe radhi. Nasikia alipofika huko nyumbani aliwaambia nilitia nywele za paka mwenyewe ili nimnyang'anye wateja. Hodari kweli! Mvivu wa mikono, lakini mdomo haupumziki. Hakuona haya kwa Bibi Sharifa, haoni haya kwenu, na sasa amemshika Zuhura shingoni, mtoto wa dada yake, kwa sababu anajua mimi hapo sina ubavu.

Kweli sina. Zuhura ana miaka ishirini na saba. Salumu amemngoja miaka mitatu, washenga wamekuja mara mbili, mara zote mjomba alikuwa "safarini". Jana dada aliniandikia maneno mawili tu kwenye simu: "Kaka, tafadhali." Hakuuliza nani mkweli. Nadhani anamjua mjomba kuliko ninavyomjua mimi.

Basi Mama, nitakuja. Alhamisi napanda basi, na Ijumaa baada ya swala nitaketi mkekani mbele ya wazee na kusema anavyotaka: kwamba maji yalikuwa ya Bibi Sharifa, kwamba nilimsingizia mjomba wangu, mtu mwema. Nitasema kwa sauti, wasikie na waliokaa nyuma. Ataninyanyulia kidevu, atanisamehe mbele ya watu, na kusamehe kwake kutanichoma kuliko lile kofi. Halafu awapokee washenga siku hiyo hiyo, kabla hajapata safari nyingine. Kijiji kitaniita mwongo maisha yangu yote, nami nitaitika.

Ila wewe moyoni mwako usiniite hivyo. Ukinitetea pale, posa imekufa, kwa hiyo nyamaza. Lakini ujue. Ndiyo sababu nimeandika: nataka mtu mmoja anitazame siku ile akijua ninachokifanya.

Nisalimie shangazi na kikohozi chake. Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie ugoro wake nakuja nao. Salumu mwambie anyoe, wazee wasipate la kusema. Zuhura mwambie nakuja, usimwambie zaidi. Mjomba usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe kwa magoti.

Ni mimi mwanao, mwongo wa Ijumaa ijayo,

Issa