Mgomba Ulio Kando Yako

Baba, shikamoo.

Nianze na hili usije ukahangaika bure: aliyezikwa kando yako Jumatano ile si mimi. Ni gogo la mgomba. Mimi binti yako Mwanasiti ni mzima, nimekaa jikoni kwa Mama hapa Mwabungo, ninakuandikia huku mlango nimeutia komeo mchana kweupe. Uniwie radhi kwa kelele za majembe. Najua ulivyokuwa hupendi kuamshwa.

Nitakueleza yote, ila univumilie, maana kila pikipiki ikipita hapo nje kalamu inasimama.

Ulituachia mali ambayo wewe mwenyewe ulikuwa ukiiita kelele zako. Ulianza na kibanda kimoja cha redio pale Ukunda, ukakipa jina la mamako, Redio Mwanatumu, na watu wakakucheka kwamba nani atasikiliza redio yenye jina la bibi wa Msambweni. Kisha likaja gazeti, ikaja runinga, yakaja yale mabango makubwa ya barabara ya Diani. Leo hakuna mtu anayetaka kura kuanzia Likoni mpaka Lungalunga asiyetaka kwanza kukaa mbele ya maikrofoni zako. Nawe, sijui ni kwa busara au kwa mapenzi, ukaandika kwamba hakuna kitu cha kampuni kitakachouzwa bila sahihi mbili, ya Kassim na yangu. Ulidhani ukitufunga kamba moja tutakwenda njia moja. Mtoto wa mke mkubwa na mtoto wa mke mdogo. Hukutujua, Baba?

Arubaini yako haijafika, Kassim alikuwa ameshapata mnunuzi. Ni yule mheshimiwa uliyemkatalia mara mbili, na mara ya pili akaondoka bila kumaliza chai. Anaitaka redio kabla ya uchaguzi. Kassim alinijia na karatasi, akazitandaza mezani, akaniita dada yangu mpenzi, neno ambalo hajawahi kunitamkia tangu nizaliwe. Nikamwambia siuzi. Akazikunja taratibu, akasema nimalize kwanza huzuni yangu, tutazungumza.

Basi Jumatano hiyo nilikuwa Ukunda kwa fundi wa nguo. Mama yuko edani kwa ajili yako, hatoki nje, nami nilitaka siku atakapotoka eda avae dera jipya, aachane na lile lenye doa la hina analoling'ang'ania. Kwa kuwa miili yetu ni sawa, nilikwenda nikapimwe mimi. Nimesimama mikono nimeinyoosha, fundi ana tepu kiunoni mwangu, redio iko juu ya kabati inasoma tanzia zetu za asubuhi. Sikuwa nasikiliza hasa. Nilisikia sauti ya Mutua, mtangazaji wetu, ikisema kwamba kumetokea kifo kwa ajali ya gari njia ya Lungalunga. Kisha akataja jina langu, Mwanasiti binti Hamisi wa Msambweni.

Halafu akanyamaza.

Ukimya ule ulitufundisha wewe. "Ukishataja jina, nyamaza kidogo. Kuna mtu ana sufuria ya moto mkononi." Siku ya kwanza uliponikalisha mbele ya maikrofoni nilisoma tanzia kama matokeo ya mpira, ukanizimia mtambo hapohapo, wasikilizaji wa pwani nzima wakabaki hewani huku wewe ukinieleza habari za sufuria. Tangu hapo nimeshawanyamazia watu wengi. Nilikunyamazia wewe, na siku hiyo nilinyamaza muda mrefu mpaka Mutua akanigusa bega. Lakini sikuwa nimewahi kuwa mimi ninayenyamaziwa.

Fundi alisema innalillahi bila kuinua macho, tepu bado iko kiunoni mwangu. Kisha akanitazama. Alirudi nyuma hadi akagonga cherehani, na mimi nikasimama vilevile, mikono imenyooka, sijui niiteremshe au niiache.

Simu ilikuwa mkobani nimeinyamazisha. Niliporudi Mwabungo uwanja ulikuwa umeshajaa. Wanawake wamekuja na mikeka yao, masufuria ya msiba yameshateremshwa, Bi Mishi jirani anawasha kuni huku analia kwa sauti. Walinipisha njia. Mama alikuwa chini, anapepewa kwa ungo, na mchele aliokuwa akiuchagua umemwagika sakafuni. Nilidhani atanirukia anikumbatie. Baba, alivuta miguu yake nyuma. Mama yangu aliniogopa. Ilibidi nimshike mkono kwa nguvu, nao ulikuwa wa baridi kuliko wangu, ndipo akaanza kulia.

Na huko Msambweni tangazo lilikuwa limesema mazishi ni baada ya Adhuhuri, na unajua watu wetu hawangoji kuambiwa mara mbili. Habari ya kwamba niko hai ilipowafikia, kaburi lilikuwa limeshafika kifuani. Wakapanda juu, wakashauriana. Wengine walitaka wafukie tu waende zao. Mchimbaji mmoja mtu mzima akakataa katakata, akasema shimo likichimbwa kwa jina la mtu halifukiwi tupu, litabaki linamngoja. Wakakata mgomba shambani kwa ami, wakauteremsha, wakauelekeza inavyotakiwa, wakafukia. Wengine walikuwa wanacheka kwa kuona haya. Mimi sikucheka. Nilikwenda kesho yake nikaona fungu la mchanga la urefu wangu.

Sasa sikiliza ni nani aliyelipeleka tangazo.

Nilimwendea Mutua nikiwa nimepandwa na hasira, tayari kumfukuza. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, kichwa amekiinamisha magotini. Mtu wa Ukambani yule, lakini kanuni zako anazishika kuliko sisi tuliozaliwa nazo. Akaniambia, "Bosi, si braza wako alikuja mwenyewe, analia. Nilikupigia simu, hukushika. Sheria ya Mzee ni damu, na damu ndiyo ilikuwa imesimama hapa."

Sikumfukuza. Hiyo ndiyo kanuni uliyotujengea nayo jina. Tanzia haipokewi kwa simu wala hailetwi na rafiki, mpaka aje mtu wa damu ya marehemu aitamke kwa kinywa chake. Ndiyo maana mtu wa Wasini akisikia jina katika Redio Mwanatumu haulizi tena, anatafuta chombo cha kuvuka aje kuzika. Kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba damu nayo inaweza kuja kusema uongo. Kassim alifikiri.

Nilikwenda kwake Diani. Alinikaribisha barazani, akaagiza niletewe dafu. Nililishika lile dafu, Baba, nikalitazama ndani, nikalirudisha mezani bila kulionja. Ndugu yangu wa baba mmoja. Nikamwuliza kwa nini. Wala hakukana sana.

"Ni hitilafu ya jina tu, dada yangu," akasema. "Lakini umeona? Kufika adhuhuri walikuwa wameshakuchimbia."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza habari za mvua. Kisha akanipa karatasi zile ndani ya bahasha, akasema atangoja sahihi yangu mpaka Mama atoke eda. Nilipoinuka nikaona kanzu yake imelowa jasho mgongoni, na ilikuwa bado asubuhi yenye upepo. Naye anaogopa. Kuna watu ameshawaahidi ambao hawajui kuambiwa subiri. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Kassim peke yake ningeweza kupambana naye. Tangu utotoni nilikuwa namshinda mbio.

Ninaogopa, Baba. Ninalisema kwa sababu wewe ndiye pekee ninayeweza kumwambia bila yeye kuogopa pia. Kituo cha polisi walinisikiliza, wakaniambia ni mambo ya kifamilia na nimshukuru Mungu nimesikia tanzia yangu kwa masikio yangu. Sasa njia ya kwenda kazini ninaibadilisha kila siku. Mtungi wa gesi ninaunusa kabla ya kuwasha jiko. Gari lolote lenye vioo vyeusi likinikaribia, ninavuka barabara. Juzi dukani muuzaji aliacha kunipa chenji mkononi, akaiweka juu ya kaunta niichukue mwenyewe, na nikaelewa kwamba kwa watu wengine nimeshakuwa nusu huku nusu huko. Hata wewe nilikuota, umesogea kunipisha nafasi ya kulala. Usisogee, tafadhali.

Mama amenisihi nitie sahihi. Hakunisihi kwa ukali, ule uliozoea kuujibu kwa mzaha. Alinishika kidevu kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Waachie, mwanangu. Mimi nimeshakulilia mara moja." Tangu Jumatano hiyo redio yake ameifunika kwa kitambaa cha meza. Ile redio uliyomnunulia ili akusikie ukiwa kazini, ambayo hata umeme ukikatika alikuwa akiitafutia betri, imekaa kimya wakati wote huu. Neno lake lilinivunja nguvu. Nilikaa na karatasi za Kassim mapajani, kofia ya kalamu nimeshaiondoa.

Nilijaribu kukufikiria ungefanya nini, nikaona hukuwahi kuogopa kama mimi, kwa hiyo hunifai kwa mfano. Ikabidi nijifikirie mwenyewe. Nikajiuliza, nikishatia sahihi, je, nitaacha kunusa gesi? Sitaacha. Mtu aliyenitangaza maiti nilipokuwa na sahihi ya kumpa, nikiwa sina cha kumpa atanifanya nini? Na tanzia za watu zitasomwa na mheshimiwa, yeye ndiye atakayeamua nani amekufa na nani azikwe kimya. Nikazirudisha karatasi kwenye bahasha.

Leo asubuhi nimekwenda kusoma tanzia mwenyewe. Mutua alitaka kukaa karibu nami, nikamwambia akae mlangoni. Karatasi zilinichakaria mkononi hadi zikasikika hewani. Kabla ya kusoma, nikawaamkia watu, nikawaambia ni mimi Mwanasiti binti Hamisi, ni mzima kwa rehema za Mungu, na wote waliobeba mikeka yao kuja kunizika ninawashukuru, nimeona wanavyonipenda. Kisha nikawaambia kanuni ya Redio Mwanatumu imeongezwa neno. Unisamehe, Baba, nimeigusa kanuni yako. Kuanzia leo, mtu wa damu peke yake hatoshi. Aje na jirani.

Nilikuwa naogopa watu watachukia. Niliporudi hapa Mwabungo Bi Mishi alikuwa amesimama kando ya kiambaza, akaniambia kwamba nilipokuwa nikisoma, Mama aliondoa kile kitambaa. Alikaa karibu na redio, mkono ameuweka juu yake mpaka nikamaliza tanzia ya mwisho. Mimi nilipoingia ndani nilimkuta ameshaanza kuchagua mchele, na hakuniambia habari za karatasi tena. Amenipikia samaki wa nazi. Nimekula, na hicho ndicho chakula cha kwanza nilichokisikia ladha tangu Jumatano hiyo.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii. Sitatia sahihi. Kila asubuhi nitakwenda kuwasomea watu maiti wao kwa sauti yangu, na yeyote kuanzia Likoni mpaka Shimoni atajua kwamba bado nipo kwa sababu ananisikia. Siku nisiposikika wataniulizia, na mtu anayeuliziwa na watu wengi namna hiyo si rahisi kupotezwa. Sina kinga nyingine. Hofu haijaniondoka na sidhani itaniondoka karibuni, lakini nimeona kwamba nikiwa nasoma inakaa kando mpaka nimalize.

Kassim bado ni mwanao, najua. Nitamwombea kwako, ila leo siwezi. Nipe muda.

Pumzika, Baba. Mungu akupanulie mahali ulipo, na huyo jirani yako wa mgomba asikusumbue, ataoza polepole na nafasi itarudi kuwa yako. Mimi nitakuja, sote tutakuja, lakini si kwa tangazo la Kassim. Ukilisikia tena jina langu likisomwa, na baada yake ule ukimya, usisogee. Usiamini mpaka unione nimefika mwenyewe.

Mwanao,
Mwanasiti